Je, kompyuta moja inatosha kuendesha mashine tatu za CNC kwa wakati mmoja?

MchongaMbao aliuliza:

Habari za kazi, ndugu mafundi. Naomba ushauri juu ya jambo nililolifikiria kwa muda mrefu bila kufikia uamuzi, na ningependa kuwasikia waliokwisha kulijaribu kabla sijakata waya wowote.

Nina mashine tatu za CNC, yaani zinazoongozwa na kompyuta, na kila moja ina kompyuta yake. Ya kwanza ni ya kuchonga mbao, ina mihimili mitatu, na inaendeshwa na bodi ya Arduino Uno iliyopakiwa GRBL, programu inayogeuza amri kuwa mwendo wa mota. Kompyuta imeunganishwa nayo kwa kebo ya USB. Ya pili nayo ni ya mbao, ila ni ya zamani zaidi: kompyuta yake inatumia programu ya Mach3 na kutuma mapigo ya umeme ya kuzungusha mota moja kwa moja kupitia poti sambamba, ile pana yenye pini 25 ambayo zamani ilikuwa ya printa. Ya tatu ni mashine nzito ya kuchonga chuma yenye kidhibiti chake cha kiwandani. Kumbukumbu ya kidhibiti hicho ni ndogo mno, hivyo programu ndefu za kuchonga kalibu hutumwa kidogo kidogo kupitia RS-232, ile poti ya zamani ya kutuma data biti moja baada ya nyingine, huku mashine ikiendelea kukata.

Kompyuta mbili kati ya hizo zimechakaa, na moja huzima yenyewe ikipata joto. Nimepata kompyuta mpya yenye prosesa ya viini vinane na kumbukumbu ya gigabaiti 32, yaani ina nguvu kuliko zote tatu zikijumlishwa. Nia yangu ni kuiweka katikati ya karakana, kuunganisha mashine zote tatu kwake, na kuziangalia kutoka kwenye kiti kimoja.

Je, jambo hili linawezekana? Na kama linawezekana, je, nguvu ya kompyuta hii itatosha mashine zote tatu zinapokata kwa pamoja, au kuna kifaa cha kugawa mawasiliano ninachopaswa kununua kwanza?

MhimiliWaZ alijibu:

Ndugu MchongaMbao, swali lako umelianzia kwenye prosesa, nami nadhani lingeanzia mahali pengine. Kabla ya kuuliza kompyuta ina nguvu kiasi gani, uliza ni nani anayehesabu wakati wa kila pigo linalokwenda kwenye mota. Mashine zako tatu zinatoa majibu matatu tofauti kwa swali hilo, na ndiyo maana haziwezi kupewa jibu moja.

Tuanze na ile ya Mach3, kwa sababu ndiyo itakayokukwamisha. Chukua mota ya kawaida ya hatua 200 kwa mzunguko, yenye draiva (kifaa kinachoilisha umeme) inayogawa kila hatua mara 8, ikizungusha skrubu inayosogeza meza milimita 5 kwa kila mzunguko. Hapo milimita moja inahitaji mapigo 320. Ukisafiri kwa milimita 3,000 kwa dakika, yaani milimita 50 kwa sekunde, mota hiyo moja inahitaji mapigo 16,000 kila sekunde, na kati ya pigo na pigo kuna mikrosekunde 62.5 tu. Kwenye poti sambamba, anayehesabu mikrosekunde hizo ni kompyuta yenyewe. Mach3 katika mpangilio wake wa kawaida wa mapigo 25,000 huamka kila baada ya mikrosekunde 40 kuona kama kuna pini ya kuinua au kushusha. Mfumo endeshi ukichelewa milisekunde moja tu, kwa sababu kadi ya picha au diski imeshika njia, umekosa nafasi ya mapigo 16, na mota inayotarajiwa kurukia kasi ile ile mara moja baada ya pengo hilo inaweza kuteleza na kupoteza hatua bila kukuambia.

Kwa hiyo kinachotakiwa hapo ni kompyuta isiyochelewa, na hilo si sawa na kompyuta yenye nguvu. Kuna kompyuta kongwe zinazotoa mapigo safi kuliko mpya, kwa sababu mpya zimejaa njia za kuokoa umeme na kubadilisha kasi ya prosesa zinazovuruga mdundo. Zaidi ya hapo, programu ya Mach3 ya kuendeshea poti sambamba haifanyi kazi kwenye Windows ya biti 64, na vile vibadilishi vya kutoka USB kwenda poti sambamba vilitengenezwa kwa ajili ya printa, havifai kwa mapigo. Kompyuta yako mpya haitaibeba mashine ya pili jinsi ilivyo leo.

Huenda mtu akakushauri uhamie LinuxCNC, kwa kuwa inaweza kudhibiti mihimili hadi tisa, na tatu mara tatu ni tisa. Naomba usiifuate hesabu hiyo. Mihimili tisa ya LinuxCNC imekusudiwa mashine moja yenye mihimili mingi: kuna msomaji mmoja wa msimbo wa G (lugha ya amri za mashine hizi), programu moja inayokwenda, na ukibonyeza kusitisha, mihimili yote husimama. Haiwezi kuanza kazi mpya kwenye mashine ya kwanza huku ya pili ikiwa katikati ya yake. Ni programu ninayoiheshimu sana na ndiyo ninayotumia, lakini ninaipa kila mashine kompyuta yake.

Mashine yako ya GRBL iko upande mwingine kabisa. Pale, anayehesabu wakati ni chipu ndogo iliyo kwenye Arduino, ambayo haina kazi nyingine duniani. Kompyuta inatuma mistari ya maandishi tu. Na mashine ya chuma vivyo hivyo: kidhibiti chake kinajihesabia, kompyuta ni mletaji wa faili. Mbili hizo zinaweza kukaa kwenye kompyuta moja, na hata kumi za namna hiyo zingeweza. Ushauri wangu ni kwamba mashine ya pili ama uiache na kompyuta yake, ama uihamishe kwanza kwenye bodi inayotengeneza mapigo yenyewe, iwe ya GRBL au kidhibiti cha mwendo kinachopokea amri kupitia kebo ya mtandao. Hapo ndipo utakapoanza kuzungumzia kompyuta moja.

KerezoLaKale alijibu:

Naungana na MhimiliWaZ, nami nitabaki kwenye mashine ya chuma, kwa kuwa nimetumia sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi nikilisha vidhibiti vya aina hiyo.

Kompyuta moja kuhudumia mashine nyingi kwa RS-232 si jambo geni hata kidogo. Viwanda vimefanya hivyo kwa miongo mingi chini ya jina la DNC, na kompyuta zilizokuwa zikifanya kazi hiyo zilikuwa dhaifu kuliko simu ya leo. Unahitaji kadi yenye poti nne au nane za RS-232, au kisanduku kinachogeuza poti hizo kuwa anwani za mtandao, pamoja na programu inayojua kusubiri. Kwa kasi ya baudi 9,600, yaani biti 9,600 kwa sekunde, kila herufi ikichukua biti 10 pamoja na za kuanzia na kumalizia, kompyuta inatuma herufi 960 kwa sekunde. Hakuna prosesa inayochoshwa na kiasi hicho.

Ila kiasi hicho hicho ndicho kinachoibana mashine, na hapa naomba uchukue kalamu. Mstari wa kawaida wa kalibu ni kama X12.345Y67.890Z-1.234, ambao pamoja na alama ya kumaliza mstari una herufi 22. Gawanya 960 kwa 22, unapata mistari 43 na ushei kwa sekunde. Kama programu yako imekata uso uliopinda katika vipande vya milimita 0.1, mashine haiwezi kwenda zaidi ya milimita 4.4 hivi kwa sekunde, yaani kama milimita 260 kwa dakika, hata ukiiandikia F2000, yaani milimita 2,000 kwa dakika. Itaenda, itasubiri, itaenda, itasubiri, na kila inaposubiri kisu kinasugua mahali pamoja na kuacha alama. Watu wengi huona alama hizo wakailaumu skrubu au kisu, kumbe mashine ina njaa ya data.

Tiba zipo. Panda hadi baudi 19,200 kama kidhibiti kinakubali, ondoa namba za mistari na nafasi tupu, na kwenye programu ya kutengenezea njia ya kisu ruhusu matao (amri za G2 na G3) badala ya vipande vifupi vilivyonyooka. Hiyo ya mwisho mara nyingi huleta nafuu kubwa kuliko nyingine zote.

Jambo la pili ni jinsi kidhibiti kinavyosema "ngoja". Vingi vya zamani hutumia XON na XOFF, yaani herufi namba 17 na 19: bafa yake (kumbukumbu ya kusubirishia data) ikikaribia kujaa hutuma 19, nawe unatakiwa unyamaze mara moja. Vibadilishi vya USB vina bafa yao ya ndani, na baadhi huendelea kumwaga yaliyomo baada ya kompyuta kuambiwa inyamaze. Herufi chache zikipotea, kinachopotea kinaweza kuwa alama ya kutoa mbele ya Z. Nimeshuhudia kisu kikipanda badala ya kushuka kwa sababu ya herufi moja, na nilishukuru kwamba haikuwa kinyume chake. Chagua kibadilishi kinachoshughulikia XOFF ndani ya chipu yenyewe, kisha ujaribu na faili ndefu huku mashine ikikata hewa, kisu kikiwa juu kabisa ya kazi. Weka pia mipangilio ile ile pande zote mbili. Biti 7 na pariti shufwa (biti ya kukagua makosa) ni ya kawaida kwa vidhibiti vya umri huo. Na kebo isizidi mita 15 au hapo karibu.

MchongaMbao alijibu:

Nawashukuru sana. Nimeelewa sasa kwamba nilikuwa nikipima kitu kisichohusika. Pia KerezoLaKale umenifumbua macho, kwa maana zile alama kwenye kalibu nimezihangaikia muda mrefu na nilikuwa karibu kuagiza skrubu mpya.

Tuseme basi nimeihamishia mashine ya pili kwenye GRBL. Nitakuwa na mbili za GRBL na moja ya RS-232. Je, nifungue programu ya kutuma mistari mara mbili, kila dirisha na mashine yake? Na je, kuna hatari ya amri za mashine moja kwenda kwa nyingine? Hilo ndilo linaloninyima raha.

KeboNdefu alijibu:

Ndiyo, unaweza kufungua programu mara mbili, na kila nakala ikashika poti yake. Poti moja haipaswi kushikwa na programu mbili kwa pamoja. Na ndiyo, hatari unayoiogopa ipo. Ilinipata mimi.

Nilikuwa na mashine mbili za kuchonga mbao kwenye kompyuta moja. Moja ilikuwa imefika saa ya nne ya kuchonga ubao wa mlango. Nilikwenda kuwasha ya pili, nikafungua dirisha jipya, nikachagua poti niliyoizoea, nikabonyeza kuunganisha. Usiku uliotangulia nilikuwa nimechomoa kebo zote kwa ajili ya kufagia na kuzirudisha kwa mpangilio tofauti, hivyo namba za poti zilikuwa zimebadilishana, na programu iliyokuwa ikichonga haikuwa imeizuia poti yake isifunguliwe na programu nyingine. Bodi za Arduino Uno zimeundwa kujiwasha upya kila poti yao inapofunguliwa, ili ziweze kupakiwa programu kwa urahisi. Mashine ya mlango ilisimama hapo hapo, ikasahau iko wapi, na mota ya kisu ikazima kisu kikiwa ndani ya mbao. Ubao ule haukuokoka.

Tangu siku ile nafanya mambo matatu. La kwanza, sitegemei namba. Kwenye Linux, majina kama ttyUSB0 na ttyUSB1 hutolewa kwa kufuata nani kaonekana kwanza, kwa hiyo hubadilika. Tumia majina yaliyo ndani ya /dev/serial/by-id, ambayo hufuata namba ya utambulisho ya chipu. Chipu nyingi za USB za aina ya CH340 hazina namba hiyo, na ukiwa na mbili zitaonekana kama pacha. Hapo tumia /dev/serial/by-path, ambayo hufuata tundu la USB, kisha ubandike lebo kwenye tundu lenyewe na kwenye kichwa cha kebo. La pili, nimeweka kapasita ya mikrofaradi 10 kati ya pini ya RESET (ya kuwasha upya) na GND (ya athi) kwenye kila Arduino, ili kufunguliwa kwa poti kusiiwashe upya. Kumbuka kuitoa siku ya kupakia programu mpya. La tatu, madirisha yangu yana rangi tofauti na kila mashine imepakwa rangi ya dirisha lake. Mtu aliyechoka hasomi maandishi, lakini rangi huiona.

Kuhusu kama kompyuta itatosha: MhimiliWaZ amesema kweli kwamba GRBL inajihesabia wakati, ila naomba niongeze kwamba akiba yake ni ndogo kuliko watu wanavyodhani. Mpangaji wa mwendo ana nafasi ya mistari 16 hivi, na bafa ya kupokea ina herufi 128, yaani mistari mingine mitano au sita. Kazi ikiwa ya mistari mirefu iliyonyooka, akiba hiyo ni sekunde nyingi. Kazi ikiwa sanamu yenye vipande vya milimita 0.1, na unasafiri milimita 50 kwa sekunde, mistari 22 ni milimita 2.2 tu, ambayo huisha ndani ya milisekunde 44. Kompyuta ikishikwa na sasisho kwa nusu sekunde, mashine itapunguza mwendo na kusimama ikisubiri. Haitapoteza hatua, kwa sababu GRBL hupanga kila mara iweze kusimama mwisho wa mistari iliyonayo, lakini mbao itaungua pale kisu kilipozunguka bila kusonga.

Kwa hiyo kompyuta hiyo iwe ya kutuma faili tu. Zima usingizi wa kompyuta, zima usingizi wa poti za USB, ahirisha masasisho hadi saa za kupumzika, na kazi ya kuchora uifanyie kwenye kompyuta nyingine. Iwekee pia kifaa cha akiba ya umeme, kwa kuwa ikizima sasa inasimamisha mashine tatu badala ya moja.

BodiNdogo alijibu:

Ninaheshimu uzoefu wa KeboNdefu, lakini naona anatibu ugonjwa ambao ungeweza kuepukwa. Kwa nini mistari itiririke kutoka kompyuta ya katikati wakati wote wa kukata? Ipe kila mashine mahali pake pa kuweka faili, kisha kompyuta kubwa ipeleke faili nzima mara moja na kuondoka.

Njia ni nyingi. Bodi za ESP32 zenye programu ya FluidNC husoma kazi kutoka kadi ya kumbukumbu iliyo kwenye bodi yenyewe, na unazifikia kwa kivinjari kupitia mtandao. Ukitaka kubaki na Arduino zako, weka kompyuta ndogo ya Raspberry Pi moja kwenye kila mashine, upakie CNCjs, programu ya kutuma mistari, na kompyuta ya katikati itafungua kurasa mbili kwenye kivinjari, kila moja na anwani yake. Ukiifunga kompyuta kubwa katikati ya kazi, mashine zinaendelea, kwa sababu anayetuma mistari ni ile ndogo iliyo sentimita chache kutoka kwenye bodi. Unakuwa na kiti kimoja ulichokitaka, bila kuwa na kiungo kimoja kinachoangusha vyote.

Tahadhari moja: mtandao usio na waya utumike kupeleka faili, usitumike kutiririsha mistari kisu kikiwa ndani ya kazi.

KeboNdefu alijibu:

BodiNdogo, hoja yako ni ya kweli na kwa mtu anayeanza leo ningesema afuate njia yako. Nilichokiona kwa rafiki aliyefanya hivyo ni tatizo la nakala. Faili ilirekebishwa kwenye kompyuta kubwa, lakini kadi ya mashine ya pili ilibaki na toleo la wiki iliyopita, na vipande sita vikachongwa kwa kipimo cha zamani kabla mtu hajagundua. Ukichagua njia hiyo, faili ikae mahali pamoja tu, mashine ziisome kutoka hapo kabla ya kuanza, na zilizo kwenye kadi zifutwe kila kazi inapokwisha. Andika pia namba ya toleo kwenye mstari wa kwanza wa programu, ndani ya mabano ya maelezo, ili fundi aione kwenye kioo.

MhimiliWaZ alijibu:

Niongeze jambo dogo kwa sababu najua litaulizwa. Kuna wanaounganisha draiva za mashine mbili kwenye mapigo yale yale, ili zichonge vitu viwili vinavyofanana kwa programu moja. Inawezekana, ukiweka kikuza ishara kwa kuwa pini moja ya kompyuta haina nguvu ya kulisha draiva nyingi. Lakini visu viwili havina urefu sawa, mashine moja ikipoteza hatua nyingine haijui, na ikigusa swichi ya mwisho zote mbili husimama. Mimi ningeitumia kwa visu viwili vilivyofungwa kwenye daraja moja la mashine moja, si kwa mashine mbili zilizosimama mbalimbali.

FundiUmeme alijibu:

Nimesoma uzi wote na nimesikitika kidogo kwamba tumefika hapa bila mtu kutaja kitufe cha dharura. Ndugu MchongaMbao, unataka kuketi kwenye kiti kimoja. Tafadhali hakikisha kwamba kiti hicho si mahali pekee pa kusimamishia mashine.

Kwenye GRBL, alama ya mshangao inayotumwa na kitufe cha kusitisha hupunguza mwendo na kusimamisha mihimili, lakini mota ya kisu inaendelea kuzunguka, na yote hayo yanategemea kompyuta, kebo na programu kuwa hai. Hicho si kitufe cha dharura. Kitufe cha dharura ni chekundu, kinajifunga kinapobonyezwa, waya wake unakata umeme wa mota bila kupita kwenye programu yoyote, na kipo ambapo mkono wa aliye mbele ya mashine unafika. Kila mashine iwe na chake. Unaweza kuongeza kimoja cha kukata zote tatu karibu na mlango, na kiwango cha kimataifa cha vitufe vya dharura, ISO 13850, kinataka ieleweke wazi kila kitufe kinahusu mashine zipi; usiache mtu abonyeze cha mashine ya kwanza akitumaini ya pili itasimama. Baada ya kukata umeme, nafasi ya mihimili isiaminiwe tena hadi mashine itafute nyumbani (sehemu yake ya kuanzia) upya.

La pili ni kelele za umeme. Mashine tatu zikiwa na kompyuta tatu, kila moja ina matatizo yake peke yake. Ukiziunganisha kwenye kompyuta moja kwa USB, umeziunganisha pia waya zao za athi kupitia kebo hizo, na inveta (kifaa cha kubadili kasi) ya mota ya kisu kwenye mashine ya chuma inaweza kukata mawasiliano ya Arduino iliyo upande wa pili wa karakana. Dalili yake ni poti kupotea ghafla mota ya kisu inapowashwa au kuzimwa. Weka kitenganishi cha USB kwenye kila mashine, tumia kebo zenye kinga na zisizozidi mita 5, na usizipitishe kwenye mfereji mmoja na waya za inveta. Hapo ndipo ninapomuunga mkono BodiNdogo: kebo ya mtandao inafika mita 100, na kila ncha yake ina transfoma ndogo inayotenganisha umeme wa pande mbili. Kwa karakana yenye mashine zilizotawanyika, hiyo peke yake ni sababu ya kutosha.

Na jambo la mwisho kutoka kwangu. Kiti kimoja kiwe mahali ambapo mashine zote tatu zinaonekana kwa macho, si kwa kamera. Kisu kikikwama kwenye mbao huanza kutoa moshi, na vumbi la mbao ndani ya bomba la kufyonza haliwaki taratibu.

MchongaMbao alijibu:

Ndugu zangu, mmenisaidia kuliko nilivyotarajia, nami nawaeleza nilichoamua ili anayekuja baada yangu akikute hapa.

Kompyuta mpya haitaunganishwa na mashine yoyote kwa USB. Itakaa kwenye kiti cha katikati, itachora, itatunza faili zote, na itafungua kurasa za mashine kupitia mtandao wa waya. Kila mashine ya mbao itapata kompyuta ndogo yake karibu na bodi, na ile ya Mach3 itabaki na kompyuta yake ya zamani hadi nitakapobadilisha bodi, kwa kuwa bado inatoa mapigo safi na sina sababu ya kuisumbua katikati ya kazi niliyokwisha kuipokea. Mashine ya chuma nitaiwekea kisanduku cha kugeuza RS-232 kuwa mtandao, baada ya kuhakikisha kwamba kinashughulikia XOFF chenyewe.

Jana jioni nilifuata ushauri wa KerezoLaKale kwenye faili ya kalibu iliyokuwa ikinipa taabu. Niliondoa namba za mistari, nikaruhusu matao, na faili ikapungua hadi chini ya nusu ya ukubwa wake. Mashine ilipita kwenye ule upinde bila kusita hata mara moja, na alama hazipo. Vitufe vya dharura vya mashine za mbao nimeviagiza, na hadi vitakapofungwa mashine hizo hazitawashwa mbili kwa pamoja.

Swali moja limebaki: ile kapasita ya mikrofaradi 10, je, nitaihitaji bado kama kila Arduino ina kompyuta yake ndogo?

KeboNdefu alijibu:

Hatari ya kuchanganya poti itakuwa imeondoka, lakini programu ya kutuma inaweza kuanguka na kujiwasha yenyewe, na inapofungua poti upya Arduino itasahau nafasi yake. Iweke. Upande hasi wa kapasita uende GND.